Simu ya mama ililia ndani ya begi: je, tuliihatarisha ndege?

Mwana wa Kibosho

Salaam kwenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa. Nina swali ambalo limenisumbua kwa wiki mbili sasa, na sina budi kwanza kueleza lilikotoka.

Nilisafiri na mama yangu kutoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) kwenda Dar es Salaam. Kwake ilikuwa mara ya kwanza kupanda ndege, maana miaka yote amekwenda kwa basi, akishikilia kwamba mtu aliyezaliwa Kibosho hana sababu ya kupanda juu zaidi ya hapo. Mhudumu alipotangaza kwamba simu zote zizimwe au ziwekwe katika hali ya ndege, mama alinikabidhi simu yake ya kupangusa, nikaiweka katika hali hiyo mbele ya macho yake. Alitazama ile alama ndogo ya ndege iliyotokea juu ya kioo, kisha akaniuliza: “Mwanangu, kama simu inaweza kuiangusha ndege, mbona pale mlangoni wamenichukulia kisu changu cha kumenyea ndizi na simu wakaniachia?” Nilicheka, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Tulipofika Dar es Salaam na kusimama kusubiri mizigo, begi la mama lilitokea kwenye mkanda likiwa linalia. Ndani yake, kati ya ndizi mshare na maparachichi, alikuwa amefunga kwa kitenge kitochi chake cha zamani, yaani simu ndogo ya vitufe, anachokitumia kwa laini ya pili, na hakuna kati yetu aliyekikumbuka. Aliyekuwa anapiga ni mama mdogo, akitaka kujua kama tumefika. Bwana mmoja aliyekuwa amesimama karibu nasi alitikisa kichwa na kusema kwa sauti ya kusikika na watu wote kwamba hivyo ndivyo ndege zinavyoanguka. Mama hakusema neno hadi tunafika Kimara, na tangu siku hiyo amekataa kabisa kurudi Moshi kwa ndege, ingawa tiketi ya wiki ijayo imekwisha kulipiwa.

Ninawaomba wenye ujuzi mnisaidie. Je, simu moja iliyosahaulika ikiwa imewashwa inaweza kweli kuiletea ndege madhara? Na kama haiwezi, kwa nini tunaamriwa kuzizima?

Fundi wa Levolosi

Ndugu Mwana wa Kibosho, mpe mama pole, na umwambie kwamba mawimbi ya kitochi chake yasingeiangusha ndege ile. Mimi ni fundi wa simu hapa Arusha, si rubani, kwa hiyo nitazungumzia upande wa simu peke yake na kuwaachia wanaojua ndege upande wao.

Kwenye meza yangu ya kazi kuna redio ndogo ambayo huwa naiwasha kutwa nzima kwa ajili ya taarifa ya habari na mpira. Mteja akiweka kitochi karibu na redio hiyo, sekunde mbili tatu kabla simu haijaita, redio hutoa mlio wa ti-ti-tit, ti-ti-tit, ndipo simu inapolia. Naamini hakuna mtu wa rika langu asiyeujua mlio huo, hata kama hajawahi kujiuliza unatoka wapi. Simu za kizazi cha pili hazirushi mawimbi mfululizo, bali hukata mazungumzo vipande vipande na kuvirusha takriban mara 217 kwa sekunde, na mapigo hayo huingia katika nyaya za redio zinazopeleka sauti kwenye spika. Redio yenyewe haishiki masafa ya simu hata kidogo; ni waya tu uliogeuka antena bila kuombwa na mtu. Sasa ondoa redio yangu, na mahali pake weka hedifoni ya rubani anayewasikiliza waongoza ndege wakimtajia kimo anachotakiwa kushukia, na utaona tatizo lilipo. Si kwamba simu inaigusa injini au usukani. Inaingia masikioni mwa mtu ambaye kwa dakika hizo hapaswi kukosa hata tarakimu moja.

Nguvu ya simu nayo haiko palepale. Kitochi kinaweza kurusha hadi wati 2 katika masafa ya megahezi 900, lakini kikiwa karibu na mnara hunong'ona tu, kwa kuwa mnara wenyewe hukiamuru kipunguze. Kadiri mnara unavyokuwa mbali, ndivyo simu inavyolazimika kupaza sauti. Hata hivyo, kuna jambo ambalo watu wengi hulikosea: simu iliyokosa mtandao kabisa haipigi kelele muda wote. Husikiliza, na hujibu pale tu inapodhani imepata mnara. Kitochi cha mama, kikiwa kimefunikwa na maparachichi ndani ya tumbo la alumini, huenda kwa sehemu kubwa ya safari kilikuwa kinasikiliza tu na kujimalizia chaji.

Niongeze jambo moja kuhusu asili ya katazo hili, maana wengi hudhani lilianzishwa na watu wa ndege peke yao. Katazo la Marekani la mwaka 1991 dhidi ya kupiga simu za mkononi angani lilitolewa na tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, na lengo lake lilikuwa kuilinda mitandao ya ardhini. Simu iliyo hapa Levolosi hushika minara michache, na minara hiyo imeinamishwa kidogo ili mawimbi yake yaelekee chini waliko watu. Simu ikiwa juu ya Same, hakuna jengo wala kilima cha kuizuia, kwa hiyo inaweza kuisikia minara ya wilaya mbili tatu kwa mara moja, huku ikipita kwa kasi ambayo mitandao haikupangiwa. Kila mnara unaojaribu kuipokea hushtukia imekwisha kuondoka. Abiria mmoja hana madhara, lakini mamia ya abiria katika kila ndege wangekuwa usumbufu kwa watu wanaopiga simu wakiwa wamekaa nyumbani kwao.

Muuzaji wa Soko Kuu

Ninajua nitawaudhi baadhi yenu, lakini nitasema ninachokiamini. Mimi husafiri kati ya KIA na Dar es Salaam karibu kila mwezi kwa ajili ya biashara, na kusema kweli sijawahi kuizima simu yangu. Huigeuza kifudifudi juu ya paja, mhudumu anapita, basi. Mara kadhaa tukiwa tunashuka nimepokea ujumbe wa malipo kabla magurudumu hayajagusa ardhi, na ndege ilitua salama kama kawaida. Kama hatari ingekuwa kubwa kama tunavyoambiwa, ndege zingekuwa zinadondoka kila siku, kwa maana siamini kwamba mimi ni msahaulifu peke yangu.

Isitoshe, wenzetu wamekwisha kulegeza. Emirates iliruhusu abiria kupiga simu za mkononi angani tangu mwaka 2008. Mwaka 2013 Marekani iliruhusu simu na kompyuta kibao zitumike hata wakati wa kuruka na kutua, na mwaka 2014 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilisema mashirika yanaweza kuwaruhusu abiria kuacha simu zao bila hata kuziweka katika hali ya ndege. Je, mawimbi ya Ulaya ni tofauti na ya Kilimanjaro? Kwa maoni yangu, amri hii imebaki kama desturi tu, na huyo bwana aliyemtisha mama wa watu mbele ya umati anastahili kumwomba radhi.

Mstaafu wa Kisongo

Marahaba wanangu. Nimerusha ndege ndogo kutoka kiwanja cha Kisongo, hapa Arusha, kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimeusoma mjadala huu mara mbili kabla ya kuandika, kwa sababu kila aliyechangia ana sehemu ya ukweli.

Nianze na Muuzaji wa Soko Kuu. Mwanangu, ulivyovitaja ni vya kweli, ila kila kimoja umekikatia mkia. Ndege za Emirates zilizoruhusu simu zilifungwa mnara mdogo ndani yake, na mnara huo ukiwa hatua chache kutoka kwa abiria huziamuru simu zote zinong'one, kama Fundi alivyoeleza. Ndege isiyo na mnara huo ni habari nyingine. Marekani mwaka 2013 iliruhusu vifaa vitumike vikiwa katika hali ya ndege, na marufuku ya kupiga simu ikabaki palepale. Nao wa Ulaya hawakusema kwamba simu hazina neno. Walisema shirika litakaloipima ndege yake na kuthibitisha kwamba mitambo yake haisumbuliwi na simu za abiria linaweza kuruhusu. Kwa hiyo jibu la swali lako kuhusu mawimbi ni kwamba mawimbi ni yaleyale, bali ndege si zilezile, na aliyezipima ndiye mwenye haki ya kulegeza. Wewe uliyekaa kiti cha 14 hujapima kitu.

Niwasimulie kisa kimoja, na sikisimulii kwa sababu kilikuwa cha kutisha, kwani hakikuwa. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua za masika zimeshika, nami natoka Seronera, Serengeti, na watalii kumi kwenye ndege ya injini moja. Katika ndege za namna hiyo abiria mmoja huweza kuketi mbele, ubavuni mwa rubani, na siku hiyo alikuwa kijana mpole aliyekuwa anapiga picha za ukingo wa Ngorongoro kila mawingu yalipofunguka. Nilipoita Arusha nikaanza kupewa kipimo cha mgandamizo wa hewa, ambacho rubani hukiweka kwenye saa ya kimo ili imwambie ukweli kuhusu urefu alioko. Tarakimu mbili za kwanza nilizisikia. Za mwisho zilimezwa na ti-ti-tit ile ile ya redio ya Fundi, kwa sekunde kama nne hivi. Nikaomba kurudiwa, nikarudiwa, nikatua. Nilipomgeukia yule kijana alikuwa ameshika simu yake na kutabasamu, kwa sababu ndiyo kwanza ilikuwa imepata mtandao.

Hakuna kilichotokea, lakini fikirieni hesabu yake. Kukosea kipimo hicho kwa hektopaskali 10 ni kuikosesha saa ya kimo kwa takriban mita 80 hadi 90. Kisongo iko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, na Meru yenye zaidi ya mita 4,500 imesimama pembeni. Siku ya jua mita 90 si kitu, kwa kuwa rubani anaona kwa macho. Siku ya mawingu ni kitu. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha simu wazi kwa miaka kumi bila kuona dhara lolote na bado akawa amekosea: dhara linasubiri likutane na mawingu, uchovu wa rubani na tarakimu iliyosikika vibaya, yote katika dakika moja.

Kuna ajali moja ambayo sisi wa ndege ndogo tuliizungumza sana. Tarehe 6 Juni 2003, ndege ndogo ya injini mbili ilianguka usiku ikikaribia kutua Christchurch, New Zealand, na kati ya watu 10 waliokuwamo walifariki 8. Wachunguzi waligundua kwamba simu ya rubani mwenyewe ilikuwa imeunganishwa hewani katika dakika za mwisho, na wakaandika kwamba huenda iliathiri kifaa cha kumwongoza kutua. Hawakusema ndiyo chanzo, maana hawakuweza kuthibitisha, na ningependa nanyi msiigeuze kuwa ushahidi ambao wenyewe hawakuutoa. Hata hivyo, mimi baada ya kusoma habari ile nilianza kuizima yangu kabla ya kuwasha injini.

Nako kwenye ndege kubwa, mwaka 2014 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza skrini za kuonyesha vipimo katika chumba cha rubani zibadilishwe katika ndege zaidi ya 1,300 za Boeing 737 na 777, baada ya majaribio kuonyesha kwamba zingeweza kufifia na kupotea kwa muda zikikaribiwa na mawimbi ya waifai. Hapakuwa na ajali. Kilichogundulika ni udhaifu ambao hakuna aliyeujua hadi ulipotafutwa.

Sasa nije kwa mama, kwa sababu naona wote mmezungumzia mawimbi na kusahau kitu kilicho wazi zaidi. Mimi nisingekuwa na wasiwasi na kitochi kile kwa sababu kililia. Ningekuwa na wasiwasi kwa sababu kilikuwa tumboni mwa ndege kikiwa kimewashwa. Betri ya lithiamu ikigongwa, ikibanwa au ikiwa na kasoro huweza kupata joto lisilozuilika na kuwaka. Ikiwaka mahali walipo abiria, wahudumu wamefunzwa la kufanya: huzima moto, kisha humwagia kifaa maji mengi ili kipoe. Ikiwaka kati ya mabegi hakuna wa kuimwagia maji. Dawa ya kuzimia moto iliyo kwenye stoo ya mizigo huua miali, lakini haiwezi kuipoza betri inayojichemsha kwa ndani. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya aina ya Boeing 747 iliyokuwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu ilishika moto baada ya kuondoka Dubai, na marubani wote wawili walifariki. Tangu Aprili 2016 ni marufuku kupakia betri za namna hiyo kama shehena katika ndege za abiria.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: simu ikae nawe ndani, na kama ni lazima iwe kwenye begi la kukabidhi, izimwe kabisa, isiachwe imelala tu, na ifungwe vizuri isije ikajiwasha yenyewe. Pawabenki na betri za akiba haziruhusiwi kabisa kwenye begi hilo. Mahali pake ni mkononi mwa msafiri.

Ili mama asikose usingizi, mwambie pia vipimo. Betri ya kitochi ni ya takriban milliampia-saa 1,000, yaani chini ya wati-saa 4, wakati kiwango ambacho abiria huruhusiwa kubeba bila kuomba kibali ni wati-saa 100. Alikosea, lakini kosa lake lilikuwa dogo kwa umbo na kwa uzito.

Muuzaji wa Soko Kuu

Mzee wangu, shikamoo. Habari ya kukatia mkia nimeipokea, na nakiri kwamba sikujua kuhusu mnara ulio ndani ya ndege. Naomba kuuliza moja tu: mimi huchaji simu kwa pawabenki ya milliampia-saa 20,000 wakati wa safari, na kwa kuwa ni nzito huwa naiweka kwenye boksi la juu ya kichwa. Hilo nalo ni kosa?

Mstaafu wa Kisongo

Marahaba. Pawabenki hiyo ni kama wati-saa 74, kwa hiyo kwa ukubwa inaruhusiwa. Lakini ishushe huko juu. Januari 2025 ndege ya abiria iliteketea ikiwa bado uwanjani Busan, Korea Kusini, baada ya moto kuanzia kwenye boksi la mizigo ya mkononi, na wachunguzi walitaja pawabenki kuwa ndiyo huenda ilisababisha. Watu wote walitoka hai. Iweke unapoweza kuiona na kuigusa ikianza kupata joto, na usiichaji simu ukiwa umesinzia. Halafu, simu ikikuponyoka ikaingia kati ya viti, usikisogeze wala kukilaza kiti ili kuitafuta, kwa maana ndivyo simu zinavyopondwa na kuwaka. Mwite mhudumu.

Fundi wa Levolosi

Nilipo hapa dukani nimekumbuka jambo ambalo linamhusu mama moja kwa moja. Vitochi vingi vya zamani vina tabia ya kuamka vyenyewe. Ukiweka kengele ya kukuamsha saa kumi na moja alfajiri kisha ukazima simu, kengele italia saa hiyo hiyo ingawa simu imezimwa, na kioo kitakuuliza kama unataka kuiwasha. Ndani ya begi lililojaa, ndizi moja ikibonyeza kitufe, simu itakuwa imejibu ndiyo. Kwa hiyo kama kitochi chake kina kengele, aifute kwanza. Kukizima ni kubonyeza kitufe chekundu na kukishikilia hadi kioo kiwe cheusi kabisa. Asiachie pale mwanga unapofifia, kwa kuwa huko ni kulala tu.

Mwana wa Kibosho

Ndugu zangu, nawashukuru sana, na kwa namna ya pekee nakushukuru wewe mzee wetu wa Kisongo. Jana jioni nilimsomea mama majibu yenu yote, neno kwa neno, akiwa anachambua mchicha. Aliposikia habari ya redio ya Fundi alicheka na kusema kwamba mlio huo anaujua tangu marehemu baba alipokuwa akisikiliza taarifa ya habari ya saa mbili, na kwamba miaka yote alidhani redio ndiyo mbovu. Kuhusu kisa cha masika alinyamaza kidogo, kisha akataka nirudie pale ambapo rubani aliomba kutajiwa upya ile namba.

Tulikikagua kitochi. Kweli kilikuwa na kengele ya saa kumi na moja, ya kumwamsha kukamua. Tumeifuta, na siku ya safari atakibeba kwenye pochi yake kikiwa kimezimwa, pamoja na ile kubwa. Amekubali kurudi kwa ndege. Ila ameniagiza niwaulize, kwa kuwa sasa ameelewa kwa nini simu walimwachia: tukishatua KIA, kile kisu chake cha ndizi atakidai mlango gani?